Vipimo vya Safina

Nilikuwa nimepona kifua kikuu kwa wiki tatu ndipo nilipougua. Nikisema hivi watu hunikatiza, huniambia nimechanganya, kwamba nilitaka kusema niliugua ndipo nikapona. Sikuchanganya. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa na vidonge, kadi na tarehe ya mwisho. Huu wa pili sikujua hata uliingilia wapi, na mpaka leo kuna asubuhi naamka sina hakika kama umeshatoka.

Naitwa Ramadhani. Nina miaka hamsini na saba, ni fundi cherehani hapa mtaa wa Rwezamenyo. Nina chumba cha mbele cha kazi na chumba cha nyuma cha kulala. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mdogo wangu Zaituni aliachika zamani, hana mtoto, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na chakula tunakula pamoja. Nayaandika haya kwa sababu Madamu Donatha, muuguzi nitakayemweleza mbele, aliniambia kuna wengine watakaokaa kwenye benchi lile nililokaa mimi, na hawana cha kusoma. Sitafundisha. Nitasema ilivyokuwa, na pale nisipoelewa nitasema sielewi.

Kikohozi kilianza na mvua za Machi. Nilidhani ni vumbi la vitambaa. Nilipoanza kujipunguzia kiuno cha suruali kwa mara ya pili, Zaituni aliniambia, "Kaka, wewe unajishonea mtu mwingine," akanipeleka kituo cha afya. Watu wa kifua tulikuwa tunangojea nje, barazani, tumeziba midomo, benchi limeelekezwa uwanjani ili upepo utuchukulie pumzi. Nilipewa dawa za miezi sita. Wiki ya kwanza mkojo wangu ulikuwa kama maji yaliyofuliwa kanga mpya nyekundu. Nilimwita Zaituni aje aone, akasema hataki kuona, lakini akaenda kumuuliza nesi, na nesi akasema ndivyo dawa ilivyo.

Wateja walipungua. Walipita tu upande wa pili wa barabara. Zaituni alileta chakula, akaweka kigoda chake mlangoni, akala ameelekea nje. Sikumlaumu. Nilikaa chumba cha nyuma na simu.

Nilikuwa katika kundi moja la mafundi mtandaoni, ambapo kila mtu huweka picha za kazi yake. Niliweka picha ya gauni la kola iliyosimama, kazi ya kabla sijaugua. Mwanamke mmoja akauliza ile kola imesimamaje, kama ndani kuna kitambaa kigumu au ni ukataji tu. Lilikuwa swali la mtu anayejua. Nikamjibu. Akaniuliza kwa nini siweki picha mpya. Nikamwambia naumwa.

Jina lake lilikuwa Safina. Alisema ni Mrundi, amekulia Buyenzi, Bujumbura, na kwamba anatunza wazee katika nyumba moja huko Kanada. Alinitumia picha: mwanamke mrefu, shingo ndefu, amesimama mbele ya maua. Alinitumia na ujumbe wa sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu huku, "iko" kila mahali, na anapocheka anavuta pumzi kwanza. Nataka mjue kwamba sauti ilikuwepo. Kuna mwanamke aliyetoa sauti ile.

Kila asubuhi saa moja aliniuliza, "Umemeza dawa?" Alisema huko kwake ni saa sita za usiku na hawezi kulala kabla hajajua. Vidonge vilikuwa vinne, vinamezwa pamoja kabla ya kula, na vilinitia kichefuchefu mpaka machozi. Niliviweka kwenye kiganja nikangoja simu ilie. Ikilia, nameza. Miezi yote sita sikuruka siku hata moja. Nesi wa kifua alinisifia mbele ya wenzangu barazani, akawaambia waniige. Sikumwambia siri yangu ni nini.

Alivyoniomba pesa sitaeleza moja moja. Mwanzo ilikuwa kitu kidogo, kisha kikubwa kidogo, na kila mara ilikuwa na sababu ambayo mtu mwingine akiikataa ungemwona hana utu. Mwezi wa saba niliuza shamba la Masaka, pembeni ya mji. Baba alipofariki alisema ni la watoto wote wawili, lakini hati iliandikwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Zaituni ndiye alikuwa akililima, maharage na mihogo, kila msimu. Niliweka sahihi peke yangu, pesa zote nikamtumia. Nilijiambia Safina akija tutanunua jingine, na nusu ya Zaituni itakuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mwezi wa nane alisema anakuja, tufunge ndoa. Nikamwomba vipimo vyake nimshonee gauni la kushukia kwenye ndege. Alichelewa siku mbili, kisha akatuma: kifua, kiuno, nyonga, mabega, mgongo, mkono. Nilipoviandika kwenye daftari niliona kitu. Miaka thelathini na mitano napima watu. Vile vilikuwa vipimo vya mtu mfupi, mwenye mabega mapana na mgongo mfupi. Mwanamke wa kwenye picha hawezi kuingia humo hata kwa kulazimisha. Niliyajua haya nimeshika kalamu. Nikajiambia hajui kujipima, wengi hawajui. Kisha nikakata kitenge cha kijani kwa kufuata namba alizotuma, si picha. Hapo ndipo sijielewi mpaka leo. Kama niliamini picha, kwa nini nilikata kwa namba? Na kama niliamini namba, nilidhani yule wa kwenye picha ni nani?

Septemba nilimaliza dawa. Nesi alitia sahihi kwenye kadi, akanipa mkono bila glavu. Wiki tatu baadaye mvua zilianza, na Zaituni alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Masaka na jembe na mfuko wa mbegu.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Aliingia chumba cha kazi na buti zake za tope, kitu asichokifanya, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kaka, kuna watu wanachimba msingi kwenye shamba letu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nimeliuza."

Alitazama mfuko wa mbegu uliokuwa mapajani mwake. Nilingoja apige kelele.

"Kwa nini hukuniambia nisibebe mbegu?"

Ndilo swali lililomjia. Nami nilimweleza yote, nikiwa bado na furaha ndani yangu, kwa maana Safina alikuwa aje wiki ile. Nilimwonyesha picha. Nilimwonyesha gauni limening'inia. Zaituni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mpigie." Nilipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena mbele yake mara nyingi nisizozikumbuka, yeye amekaa na tope linakauka kwenye buti. Siku ya tatu namba haikuita kabisa.

Zaituni ndiye aliyenipeleka ofisi ya upelelezi. Kijana aliyetupokea hakutucheka. Aliiweka ile picha kwenye kompyuta yake, tukangoja kidogo tu, kisha akatugeuzia kioo. Mwanamke mrefu, shingo ndefu, maua yale yale. Anauza mimea katika nchi ambayo sijawahi kuifikiria, ana mume na watoto, na ameandika mwenyewe kwamba picha zake zinaibwa.

"Huyu yupo, muzee," kijana akasema. "Lakini hakujui."

Niliomba nione picha nyingine zake. Zaituni akanishika mkono akanitoa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ulianza mikononi. Nilishindwa kutia uzi kwenye sindano, si kwa macho, vidole vilikuwa vinacheza. Nilimkatia mteja kanzu nikampa mikono miwili ya kushoto, na sikuona mpaka aliponionyesha. Chakula kilikuwa na ladha ya sabuni. Masikio yalivuma mchana kutwa kama cherehani ya jirani. Nilihisi simu ikitetemeka mfukoni, nikiweka mkono mfuko uko mtupu, maana simu ilikuwa kabatini kwa Zaituni. Aliniambia ananinyang'anya kwa faida yangu. Wenye wagonjwa kama mimi, nawaomba hili moja: msifanye hivyo. Siku ya nne nilitoka kama naenda kuswali, nikanunua simu ndogo yenye mtandao na laini mpya, nikaiandikia namba ya Safina isiyoita. Niliandika kwamba simlaumu, aniambie tu kama yuko salama. Zaituni hakujua. Nilikuwa nimepata siri ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Kisha nikaanza kukohoa. Nilikonda tena. Nilikwenda mwenyewe kituo cha afya, nikaziba mdomo, nikakaa kwenye benchi la barazani pamoja na watu wa kifua, na nitasema kweli, nilijisikia afadhali pale. Nilipimwa. Nesi alirudi na karatasi anatabasamu.

"Kifua chako ni kizima, muzee."

"Pima tena."

"Iko kizima kabisa."

"Pima tena, mama. Nakuomba."

Alikaa karibu yangu. Akaniuliza kwa nini nataka kuumwa. Kichwani nilikuwa na jibu nisiloweza kumpa mtu, kwamba nilipokuwa na kifua kikuu Safina alikuwepo, na labda kikirudi atarudi nacho. Aliniinua akanipeleka ndani, mwisho wa korido, kwenye mlango wa Madamu Donatha, muuguzi wa afya ya akili.

Wagonjwa wa Donatha wanangojea kwenye korido moja na akina mama wenye vichanga. Nilikuwa mwanamume peke yangu. Wiki za mwanzo nilikaa nimeshika kapu la Zaituni ili watu wadhani namngojea mke. Mama mmoja aliniwekea mtoto mapajani akaenda kuchukua kadi, hakuuliza kama naweza. Mtoto alinitazama kidevu muda wote. Mikono yangu haikucheza mpaka mama aliporudi. Nimeikumbuka siku ile mara nyingi.

Donatha ni mwanamke wa makamo, amekulia Uganda, Kiswahili chake kinachechemea, kikikwama anaingia Kinyarwanda.

"Unalala?"

"Sijui."

"Unakula?"

"Mdogo wangu anasema nakula."

"Unamkosa nani?"

Nilifungua mdomo nikakuta watu wawili, wa picha na wa sauti, na sikumjua hata mmoja. Nikasema, "Hapo ndipo nilipopotea." Aliandika, hakuharakisha. Akaniambia, "Ihangane," neno letu la kumwambia mfiwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Alinipa vidonge vidogo vya kunywa kila asubuhi, na tarehe ya kurudi.

Nyumbani haikuwa rahisi. Siku moja tulikuwa tunakula, machozi yakanitoka kwenye sahani. Zaituni aliweka kijiko chini.

"Unamlilia nani, kaka? Yule wa mimea yuko hai na mume wake. Yule wa sauti ni mwizi. Wewe unamlilia yupi kati yao?"

"Sijui, Zai."

"Basi ukijua niambie, kwa sababu mimi namlilia baba, na shamba, na wewe, na hakuna anayenipeleka kwa Donatha."

Alitoa vyombo vikiwa bado na chakula. Nilibaki mezani. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba wagonjwa tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa akimpikia mwenzake.

Nilimwambia Donatha. Akasema mlete. Zaituni alikataa wiki tatu, kisha akaja mara moja, akakaa kwa Donatha peke yake, akatoka macho mekundu, akaniambia twende sokoni kabla nyanya hazijaisha. Walichozungumza hajaniambia.

Desemba Donatha alituweka pamoja, watu watano, katika chumba cha kupimia watoto uzito. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa katikati, tunainamisha vichwa kuipita. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyempenda mwanajeshi wa Marekani ambaye hakuwa mwanajeshi wala mwanamke. Kulikuwa na dada wa saluni ambaye bado alikuwa akimwandikia wake, na alituambia wazi kwamba wetu walikuwa matapeli lakini wa kwake ana matatizo tu. Donatha alikataza swali moja tu, "Ulikuwaje huoni?" Alisema kila mmoja ameshajiuliza vya kutosha. Dada wa saluni hakuna aliyembishia. Tulimuuliza tu habari za huyo mtu wake kila wiki, tukasikiliza, na kila wiki habari zilikuwa zinagongana kidogo na za wiki iliyopita, naye alikuwa akizisikia mwenyewe. Siku moja alikuja bila simu. Mwalimu alisogea akampisha upande wa dirisha.

Nilisema kwamba gauni la kijani lilikuwa linaning'inia. Lilibaki kwenye ukuta wa chumba cha kazi, nami sikutaka ligusike. Januari, wakati wa kile kiangazi kifupi, nilirudi kutoka kituoni nikakuta msumari mtupu. Zaituni alikuwa amemuuzia mpita njia.

"Mtu kaja, kalijaribu, limemtosha," akasema. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba ni la nani?"

Sikusema naye siku mbili. Ya tatu nilikuwa naenda msikitini, nikaliona. Lilikuwa mbele yangu barabarani, linatembea, na ndani yake kuna mtu. Mgongo mfupi, mabega mapana, kila mshono umekaa pale nilipoukusudia. Miguu ililifuata lile gauni yenyewe. Nilipita msikiti. Nilipita duka la mchele, nikapita kona ya mafundi pikipiki, na kichwani kuna kitu kinaniambia amefika, alikuwa njiani muda wote. Yule mwanamke alihisi, akageuka. Hakuwa kijana. Alikuwa na vitunguu kwenye mfuko na jasho juu ya mdomo.

"Fundi? Kuna tatizo na gauni?"

Nililitazama gauni. Macho yakanisaidia.

"Mkono wa kushoto unavuta kwapani."

Akainua mkono akajaribu. "Kumbe. Nilidhani ni mimi nimenenepa."

"Ni mimi. Lilete kesho, nitalirekebisha."

Alilileta. Nililifumua kwapa, nikaongeza kipande, nikashona. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoimaliza tangu Septemba. Mikono ilicheza mwanzoni, kisha ikaacha, kisha ikaanza tena nilipokuwa nakata uzi. Jina la yule mama ni Mukamana, anauza mboga juu huko, na ni mteja wangu mpaka sasa. Hajui.

Mvua za Machi zilirudi, mwaka umetimia. Nilikuwa na afya ya kukaa dukani asubuhi nzima. Ile simu ndogo, ambayo nilikuwa sijaitupa, ililia saa moja asubuhi. Ujumbe, namba ngeni.

"Umemeza dawa?"

Nilikuwa na kidonge cha Donatha kiganjani. Nitasema jinsi mwili ulivyofanya, maana kuna wengine litawapata: ulifurahi. Kabla akili haijaamka, mwili mzima ulipata joto kama umewekwa juani. Hofu ilikuja baadaye, kisha hasira, na hasira nayo ilikuwa imechelewa na ndogo. Nilimeza kidonge. Nilitembea kutoka cherehani mpaka mlango, mlango mpaka cherehani. Nilijua mwalimu angesema nini, na Donatha angesema nini. Nikaandika hata hivyo.

"Vile vipimo vilikuwa vya nani?"

Alichelewa. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Vyangu."

Nililitazama lile neno. Kisha likaja la pili chini yake, kwamba yuko katika shida, kama ninaweza kumsaidia kidogo.

Nilichukua simu nikaenda nayo nyumba ya tatu. Zaituni alikuwa uani anachambua maharage. Nilimpa simu. Alisoma ujumbe wote, wa juu mpaka wa chini, kisha akarudi juu. Nilikuwa najua kwamba anaona sasa siri ile nyingine, kwamba nilikuwa na laini hii muda wote. Hakuirusha simu, hakuitia mfukoni. Alinirudishia.

"Basi ni mfupi," akasema.

"Labda."

"Na mabega mapana."

"Kama ni kweli."

"Wewe unaonaje, ni kweli?"

"Zai, mimi sijui. Inawezekana ni neno moja la kweli katika yote. Inawezekana si kweli pia. Nimechoka kutokujua."

Akasogeza ungo nikae. Nilitoa laini mwenyewe kwa kucha, tukaipeleka kwa kijana wa upelelezi siku hiyo hiyo. Mpaka naandika haya hawajampata mtu. Donatha aliniuliza kama najuta kujibu. Nilimwambia najuta na sijuti. Akaandika yote mawili.

Watu huniuliza Zaituni amenisamehe vipi. Hajanisamehe. Amekodi kipande cha jirani kule Masaka, na kila akienda anapita mbele ya nyumba iliyojengwa pale, sasa ina mabati ya bluu na watoto. Akirudi hunieleza maharage yamefikia wapi, nyumba haitaji. Nilimwomba radhi mara nyingi, mpaka akaniambia nisirudie, kila nikiomba yeye ndiye hupata kazi ya kunituliza. Kwa hiyo siombi. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka namchotea maji. Naye kigoda chake sasa kipo ndani ya chumba, si mlangoni.

Sijui kama nimepona. Donatha amepunguza vidonge. Natia uzi kwenye sindano mara ya kwanza au ya pili. Kuna siku kicheko cha mtu barabarani kinavuta pumzi kwanza, nami nasimamisha mguu kwenye cherehani. Mwalimu ananiambia kwake ilichukua muda mrefu kuliko mapenzi yenyewe. Nawaambia kama alivyoniambia, msishangae mkichelewa.

Kiangazi hiki, Julai, Zaituni alikuja dukani akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa ameshika simu yake kifuani.

"Kaka, kuna mtu ananiandikia. Niangalizie."

Alisema anaitwa Issa, mjane, anatunza ghala huko Masoro. Namba yake amepewa na mama mmoja wanayelima pamoja. Hajawahi kumwona. Nilivaa miwani nikasoma. Alimuuliza kuhusu maharage. Alimwambia vumbi limezidi kwenye njia ya kazini kwao. Alimuuliza kama amekula. Nilipofika pale nilisimama. Nilisoma tena kutoka mwanzo, natafuta lile jambo ambalo mtu wa kunizidi akili angeliona mara moja. Kila neno lilikuwa zuri. Ya Safina pia yalikuwa mazuri.

Zaituni alikuwa ananitazama usoni, anangoja. Miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa na uhakika, na sasa alikuwa amekuja kwangu.

"Sijui, Zai," nikamwambia. "Nakuapia sijui. Mtu mzuri huandika hivi, na yule mwingine huandika hivi hivi."

"Nimkate?"

"Sijasema hivyo."

Alivuta kiti akakaa. Kisha akaandika mbele yangu, anatamka kila neno kwa sauti, kwamba kaka yake anamkaribisha Jumapili baada ya alasiri, aje anywe chai. Jibu lilichelewa, na sisi wawili tukawa tunaitazama ile simu mezani. Akajibu kwamba atakuja, akitoka zamu.

Jumapili Zaituni alipika sambusa nyingi kuliko watu. Alasiri ikapita. Alitandika kitambaa, akakitoa, akakitandika tena. Mimi nilikaa karibu na mlango. Saa kumi na moja kasoro robo moto ilisimama nje, abiria akavua kofia ngumu akamrudishia dereva. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotegemea, kipara, kiatu kimoja kina vumbi kuliko kingine, na mfuko wa sukari mkononi. Alisimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba.

"Asalaam alaykum. Ni mimi Issa. Samahani, tairi ilipasuka njiani."

Niliinuka nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu cha mtu wa kubeba, chenye jasho, na kidole cha shahada kilikuwa na kovu lililopinda. Niliitikia salamu. Niliuliza habari za Masoro, akajibu, nikauliza habari za njiani, akajibu tena, sauti yake inatoka pale pale mdomo wake ulipokuwa. Alianza kumtazama Zaituni juu ya bega langu, hajui afanye nini.

"Kaka," Zaituni akasema kutoka mezani, "mwachie mkono mgeni, anywe chai."